Tahadhari: Vioo vya madirisha ya nyumba vinauzwa kama vioo vya pembeni vya Hiace

Assalamu alaykum. Ndugu zangu wa Unguja na Pemba wenye Hiace, Noah na gari nyengine kongwe za abiria, nawatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza mitandaoni kwamba anavyo vioo halisi vya madirisha ya pembeni vilivyotoka Japani. Anachokituma si kioo cha gari. Ni kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, kilichokatwa kwa kufuata umbo linalotakiwa, kikasuguliwa kingo na kubandikwa nembo ya bandia kwenye kona. Simtaji kwa jina kwa sababu majina anayotumia hubadilika kila mara, nami sitaki lawama imwangukie mtu asiyehusika. Lakini namna anavyofanya kazi yake haibadiliki, na hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Ndugu yangu wa Wete ana Hiace ya miaka ya 1990 ambayo asubuhi huchukua watoto wa skuli na baada ya hapo hubeba abiria wa kawaida. Kioo chake kikubwa cha pembeni, kile kisichofunguka, kilivunjwa na jiwe lililorushwa na tairi la gari nyengine. Kwenye gari hiyo kioo hicho hushikwa na mpira peke yake, bila gundi, kwa hiyo watu wawili wenye subira wanaweza kukibadilisha wenyewe nyumbani, na ndivyo tulivyokubaliana kufanya. Muuzaji aliomba picha ya gari, akarejesha picha ya kioo kilichosimamishwa kwenye rafu, akasema kimebaki kimoja tu na kwamba mteja wa Mwanakwerekwe yuko njiani kukifuata. Alitaka nusu ya bei itangulie kwa simu, na jina lililojitokeza wakati wa kutuma pesa halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Alipoombwa apige video fupi ya kona yenye nembo, akiwa juani, alisema ghala limefungwa. Mzigo ukaletwa kwa boti hadi Mkoani, umefungwa vizuri kwa maboksi na blanketi kuukuu, na ufungaji huo mzuri ndio unaowafanya wengi wamwamini.

Nilipokipokea kioo nilisugua nembo kwa kitambaa kilicholowa petroli kidogo, na herufi zote zikafutika zikabaki doa la kijivu kwenye kitambaa. Ndugu yangu alimpigia muuzaji palepale, akajibiwa kwamba nembo za siku hizi ndivyo zilivyo na kwamba tukifunge tu. Tulikijaribu kwenye mpira tukiwa tumevaa glavu nene, kwa sababu tulitaka ushahidi usiopingika. Kioo kile kilikuwa bapa kabisa ilhali ubavu wa gari umepinda kidogo, hivyo kona ya chini ilipokubali kuingia, kona ya juu ilibaki nje. Kiliposukumwa kwa viganja tu kilipasuka kutoka kona hadi kona, na vipande viwili vikatoka virefu na vimechongoka kama majambia. Mahali pale hukaa mtoto wa skuli, kichwa chake kikiwa kimeegemea dirisha.

Kioo cha pembeni cha gari huwa kimepashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, na kwa sababu hiyo nguvu yake hufika kiasi cha mara nne ya kioo cha kawaida cha unene huo huo, na kikivunjika humwagika chembe ndogo zenye kingo butu badala ya vipande virefu. Kioo cha mbele ni aina nyengine: ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, na kikipasuka hubaki kimeshikamana. Sasa lizingatieni hili, maana linatosha kumuumbua muuzaji wa namna hii: kioo kilichokwisha kupitishwa kwenye moto huo hakikatiki tena. Ukijaribu kukikata kwa almasi kitamwagika chote. Kwa hiyo anayekwambia kwamba atakikata kulingana na gari yako, au atakipunguza kidogo upande mmoja, anakuuzia kioo cha nyumba, hata akiapa. Fundi mwaminifu anayekata kioo bapa kwa gari kongwe atakueleza waziwazi kwamba anatumia kile cha tabaka mbili, na ukikitazama ukingoni utauona ule utando.

Nembo ya kweli imechomwa au kuchimbwa ndani ya kioo, haitoki kwa petroli wala kwa kucha. Kwenye vioo vya Japani mara nyingi utakuta alama ya JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, na kwenye vingi vya kampuni ya vioo ya Asahi neno TEMPERLITE. Vilivyoidhinishwa kwa Kanuni Na. 43 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, ambayo kwa Japani ni 43. Linganisha nembo hiyo na ya vioo vyengine vilivyomo kwenye gari yako. Kisha vaa miwani ya jua ile inayopunguza mng'ao wa maji, ambayo wavuvi na waongoza watalii wengi wanayo, ukitazame kioo kwa mshazari kikiwa kimeelekezwa angani: kioo kilichopozwa kwa upepo huonyesha madoadoa au mistari hafifu iliyopangika, na kioo cha nyumba hakionyeshi kitu. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na muuzaji wa kweli hatakuzuia kukifanya.

Muuzaji huyu huongeza na kopo la kile anachokiita gundi ya vioo, kwa wale ambao vioo vya gari zao hubandikwa. Lile alilomletea ndugu yangu lilikuwa silikoni ya mabomba ya choo, yenye harufu kali ya siki. Silikoni ya harufu hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hula bati. Kwetu visiwani, ambako upepo wa chumvi unatosha wenyewe kuleta kutu, hilo ni kuumaliza ukingo wa dirisha. Gundi inayostahili ni ile ya poliyurethani, na kopo lake huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe ikiwa imekwanguliwa, liache.

Wanaotaka kuifanya kazi hii wenyewe wasivunjike moyo kwa sababu ya mtu mmoja. Toeni mpira wa zamani, na ukiwa umekakamaa kwa jua msiurudishe. Sugueni kutu ya ukingo kwa msasa mpaka bati liwe safi, mpake rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke kabisa. Mpira mpya huvalishwa kioo kwanza, kisha kamba nyembamba hupitishwa kwenye mfereji wake wa nje, ncha mbili zikikutana chini na kuachwa upande wa ndani. Mmoja husukuma kutoka nje kwa viganja, mpira ukiwa umepakwa maji ya sabuni, na mwengine huivuta kamba polepole akiwa ndani ili ulimi wa mpira upande juu ya bati. Vaeni glavu na miwani, na chembe za kioo cha zamani zifyonzwe mpaka ndani ya reli za viti.

Aliyekwisha kutapeliwa ahifadhi ujumbe wa malipo, picha za tangazo na kioo chenyewe, hata kama kimevunjika. Namba ya simu ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040, na malalamiko ya bidhaa hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar pamoja na polisi. Ndugu yangu ameshapeleka yake.

Na wenye gari za skuli mlionunua kioo cha pembeni kwa bei ya kushangaza, kikaguweni leo kwa petroli na kwa ile miwani. Kikishindwa, msimkalishe mtoto kwenye kiti hicho mpaka kibadilishwe. Ni afadhali dirisha lizibwe kwa ubao kwa siku chache.