Eti picha ni zilezile!

Nyota moja, na hiyo nimelipa jalada. Kitabu cha katuni za zamani za Marekani kilifungwa nailoni, nje rangi zinang'aa, ndani nyeusi na nyeupe. Hilo sikatai, niliambiwa mapema. Nilichoomba ni kuifungua nailoni nitazame kurasa mbili tu. Muuzaji, katikati ya Kampala, mbele ya wateja: "Ssebo, unataka kusoma au kupaka rangi? Picha ni zilezile."

Si zilezile. Katuni za Marekani za miaka ya 1960 zilichorwa kwanza kwa wino mweusi, rangi zikaja baadaye kwa pleti zake za kuchapia: samawati, majenta na njano, vitone vitone. Toleo lisilo na rangi likichapwa kutoka kwenye filamu ya ule wino mweusi, mistari hutoka mikali kama imechorwa leo asubuhi. Hiki changu kimetokana na skani ya ukurasa wenye rangi, halafu rangi zikageuzwa kijivu. Nyekundu ni moshi, buluu ni moshi, kwa hiyo shujaa wa fulana nyekundu na suruali ya buluu anaonekana ametoka kwenye tanuri la mkaa. Njano imeyeyuka. Visanduku vya maelezo vilivyokuwa na buluu ndani havisomeki hata juani. Mpelekee fundi yeyote wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji, atakwambia kilichotokea kabla hujamaliza kuuliza.

Kukagua ni nusu dakika. Tafuta mahali panapotakiwa kuwa peupe, uso wa mtu au anga, kisha pakuze kwa kamera ya simu. Ukikuta vitone vya kijivu, hiyo ni skani ya rangi, rudisha. Ukikuta karatasi tupu na mstari usio na manyoya pembeni, lipa. Ndiyo maana siamini ile nailoni ilikuwa ya kuzuia vumbi.

Lakini hata toleo safi lina mitego yake. Wapaka rangi wa zamani waliutengeneza usiku kwa kumwaga buluu juu ya mchoro wenye weusi kidogo; ondoa buluu, mwizi anavunja ghala saa sita mchana. Na Hulk, lile jitu la Marvel, je? Alianza kijivu mwaka 1962, kwenye toleo namba 2 akawa kijani kwa sababu kile kijivu kiliwashinda wachapaji, kila ukurasa na kijivu chake. Ukimchapa kwa mstari mtupu si kijivu wala kijani, ni mweupe pe kama mgonjwa.

Nilikusudia kusema nyeusi na nyeupe zote zitupwe. Ni hasira tu. Mfululizo wa nyeusi na nyeupe wa Essential wa kampuni ya Marvel na ule wa Showcase Presents wa kampuni ya DC ni matofali ya kurasa 500 hivi, kitabu kimoja kimebeba matoleo 20 na zaidi ambayo ukiyasaka mojamoja kwa rangi utauza ng'ombe. Mchoraji Gene Colan alichora matoleo yote 70 ya Tomb of Dracula, katuni ya kutisha ya Marvel, na ule ukungu wake unapumua vizuri zaidi bila rangi. Kwa hadithi za kutisha sitoi hela ya ziada kwa ajili ya rangi.

Wanaokimbilia nakala za awali za rangi nao wafungue macho. Kwa unyevu wetu huu pini za katikati hushika kutu na kutia karatasi doa la kahawia. Fungua ukurasa wa kati, uvute taratibu uone kama bado umeshikwa. Pleti zikikaa vibaya, midomo myekundu iko shavuni. Na kagua kila ukurasa! Wasomaji wa zamani walikata kuponi za matangazo kwa mkasi, na nyuma ya kuponi mara nyingi kuna kipande cha hadithi.

Nilipokirudisha niliambiwa mali ikishatoka haibadilishwi. Sawa. Tangu hapo nimekifungua mara tatu: gundi ya mgongoni ni kavu kama ganda la muhogo, kurasa za mwanzo zimeachia zote kwa pamoja, na picha za kurasa mbili zimemezwa nusu kwenye mkunjo. Jalada nalo limeanza kubanduka pembeni, kwa hiyo ile nyota naichukua.