Pumzi: Mche Mmoja Jangwani

Filamu fupi ya Pumzi, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009, huchukua takriban dakika 20 tu, lakini imenikaa moyoni kuliko filamu nyingi za saa mbili. Miaka 35 baada ya Vita vya Maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya mji uliofungwa, ambako nishati huzalishwa kwa nguvu za miili yao na hata mkojo husafishwa ukanywewa tena. Ndoto nazo hudhibitiwa kwa vidonge, jambo lililonitisha kuliko kiu yenyewe. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo asiojua umetoka wapi, anapanda mbegu humo, nayo inachipua.

Kudzani Moswela, anayemwigiza Asha, hahitaji maneno mengi, kwani uso wake unabeba kila kitu, hasa pale jangwani anapoumwagilia mche maji yake ya mwisho, kisha jasho lake mwenyewe, na kuukinga jua kali. Baraza linalotawala mji huo limechorwa kwa haraka mno. Nilitamani kuelewa linaogopa nini hasa huko nje.