Laini moja kompyuta nne, fundi eti ninunue laini ya pili

Intaneti ya nyumbani tuliyofungiwa hapa Uyole, nisiwe mwongo, ina spidi, mwanzoni niliwasifia kwa kila mtu. Ila kwa nilichofanyiwa na fundi wao simshauri mtu.

Nina stationery chumba cha uani, kompyuta mbili, ndani watoto wana zao mbili. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, waifai ya sebuleni ikifika uani haina nguvu. Wakamleta fundi akapitisha waya darini, akaweka rauta ya pili huku stationery, nikalipa akaondoka. Tangu hapo ni mateso, mara kompyuta ya kuprinti inashika ya pembeni inagoma, ukizima ukawasha inageuka, ndani nako watoto "mama mtandao hamna" na mistari ya waifai imejaa yote! Kuna mama katoka Inyala na binti yake kuomba mkopo wa bodi, tumeskani cheti cha kuzaliwa, tunapandisha, kiduara kinazunguka weee, mpaka mama wa watu akafunga vyeti vyake kwenye kanga wakaondoka. Iliniuma sana.

Fundi akarudi. Rauta hata hakuigusa, yuko na simu yake tu, "Mama, kompyuta zenu nyingi, kila moja inataka laini yake, nunua laini ya pili." Nikamuuliza mbona nikizima hii ya uani za ndani zote zinafanya kazi? Eti, "Haya ya kitaalamu mama, huwezi kuelewa." Mbele ya wateja wangu!

Sasa rauta kazi yake nini kama sio hiyo? Laini inakuja na anwani moja ya nje, rauta inazigawia kompyuta anwani za ndani, zote zinatokea hapo hapo, na yenyewe inakumbuka nani kaomba nini imrudishie. Kompyuta nne ni kitu gani! Kumbe rauta zote mbili kaziacha na anwani ile ile, 192.168.1.1, na zote zinagawa anwani, kwahiyo kompyuta zinababaika zitokee wapi, ikiangukia ya uani ndo basi, ile peke yake haina intaneti. Aliyeona ni mtoto wa dada yangu anayesoma chuo cha MUST hapa Mbeya, akaipa ya uani 192.168.1.2, akazima DHCP yake, yaani ile kazi ya kugawa anwani, waya akauacha kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani. Hata chai yake haijapoa kamaliza.

Sasa hivi zote nne zinapiga kazi, na hapo ndo nabaki njia panda maana laini yenyewe haina kosa, ningesema chukueni tu, lakini nikikumbuka lile "huwezi kuelewa" napandwa upya. Mkifungiwa rauta ya pili msilipe kabla hajawasha kompyuta zote kwa pamoja mkaona. Hela ya ufundi nimewadai, wanasema linashughulikiwa. Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya spidi, hapana, moja inawatosha mpaka hela yangu irudi.