Angalisho kwa Lubumbashi: msitume avansi ya "Congo nzima kwa siku 12"

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi ambao tangazo hili limewafikia pia: kuna mtu anauza safari ya vakansi kwenye vikundi vya WhatsApp, "Congo nzima kwa siku 12", dola 480 kwa mkubwa, watoto nusu bei. Msimtumie hata franga moja. Wamama wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) moja ya Katuba walilipa avansi kwa ajili ya familia zao, na tangu siku ile simu yake haipatikani. Jina lake hubadilika, namba zake hubadilika, kwa hiyo nawaeleza namna anavyofanya kazi. Jina analotumia leo kesho atakuwa ameshalitupa.

Kazi yangu ni kuuza tiketi za ndege hapa mjini. Wamama hao waliniletea karatasi zao nizisome, na nilivyokuwa nasoma ndivyo moyo ulivyozidi kuniuma.

Programu inaanza na treni: mnapanda Lubumbashi jioni, kesho yake usiku mko Kinshasa. Hapo tu inatosha kumjua. Hakuna reli inayotoka kwetu ikafika Kinshasa. Reli ilifika Ilebo mwaka 1928 na ikaishia pale, kando ya mto Kasai. Anayekwenda Kinshasa anashuka na kutafuta boti. Na mwenye ndugu Kamina au Kananga anajua kwamba safari ya treni hiyo huhesabiwa kwa siku, tena nyingi.

Picha kubwa ya tangazo imeandikwa "Lofoi". Ni Victoria Falls, maji mapana yenye daraja la chuma karibu yake. Lofoi yetu, ndani ya hifadhi ya Kundelungu, ni mkondo mmoja mwembamba unaoanguka zaidi ya mita 300, na wakati wa kiangazi, vakansi zinapokuwa zimepamba moto, maji yake hupungua sana.

Halafu anawapeleka mashariki. Kisangani kuona wavuvi Wagenia, kesho yake Epulu "kupiga picha na okapi", keshokutwa gorila wa Virunga, usiku kulala juu ya volkano ya Nyiragongo, kisha ndege kutoka Goma hadi Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi. Kisangani mpaka Epulu ni zaidi ya kilomita 400 za barabara ya msituni. Okapi waliokuwa wakitunzwa kituoni Epulu waliuawa Juni 2012, kituo kiliposhambuliwa. Na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa vita vilipoingia mjini Januari 2025. Ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, ukafuata Februari. Wengi wetu hapa tuna jamaa kule ambao hatujui walale wapi kesho. Mtu anayechukua mateso yao akayauza kama matembezi ya watoto, huyo simhesabu kuwa mfanyabiashara aliyekosea hesabu.

Sasa kilichowashawishi wamama, maana si watu wa kudanganywa kirahisi. Aliwapa namba ya kushika nafasi ya ndege, herufi na tarakimu sita. Mmoja wao alikwenda hadi ofisi ya kampuni ya ndege kuuliza, akaambiwa: ndiyo, majina yenu yako humu. Ilikuwa kweli. Lakini kushika nafasi si kulipa. Wakala yeyote anaweza kuandika majina kwenye mfumo bila kutoa senti, na muda wa kulipa ukipita, saa kadhaa au siku mbili tatu, nafasi hufutwa yenyewe. Yeye anautumia muda huo huo. Anawaambia, "Mama, muende muhakikishe, kisha mutume avansi leo, nafasi zinaisha." Mnahakikisha, mnatuma, naye anatoweka.

Kwa hiyo ulizeni namba ya tiketi yenyewe. Kwa kawaida ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za kampuni ya ndege. Hiyo hutoka baada ya malipo. Pale ofisini musiulize "jina langu liko?", ulizeni "tiketi yangu imelipwa?" Ni swali dogo, ila lingeokoa akiba ya mwaka mzima ya watu ninaowafahamu.

Jambo jingine ni pesa zilikokwenda. Risiti ilikuwa na jina la wakala, lakini ujumbe wa M-Pesa ulionyesha jina la mtu binafsi. Kampuni halali huandika namba yake ya RCCM, yaani ya usajili wa biashara, kwenye karatasi zake na ina mlango unaoweza kuubisha. Huyu alisema ofisi yake iko mtaa wa Golf. Hakutaja avenyu wala namba ya nyumba.

Sisemi watu wasitembee. Nchi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3 haizungukiki kwa siku 12, lakini upande mmoja unawezekana, na ni mzuri. Ndege ya Kinshasa, kisha Lola ya Bonobo, makao ya sokwe aina ya bonobo, pembeni mwa jiji, bustani ya mimea ya Kisantu, barabara ya kushuka hadi Matadi kuona daraja lililofunguliwa mwaka 1983, na mwenye uwezo aendelee hadi bahari ya Muanda. Chukueni upande huo mmoja, mwambieni muuzaji aandike kila siku mnalala wapi na mnasafiri na nini, kisha pigieni simu hoteli wenyewe.

Kama ulishatuma: piga huduma ya wateja ya mtandao wako sasa hivi, uombe pesa zizuiwe kabla hazijatolewa, maana zikishatolewa kazi inakuwa ngumu sana. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia uchungu. Piga picha ya ujumbe wa malipo, namba zake zote, tangazo lenyewe na sauti alizotuma. Wamama wa Katuba wanapeleka malalamiko yao parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na kila atakayeongeza ushahidi wake anawaongezea nguvu. Mwenye namba nyingine aliyoitumia mtu huyu awapelekee haraka, jalada likiwa bado halijafungwa.