Lenzi kwa sie wenye macho makavu, uzoefu wangu

Mi miwani nimevaa tangu form two, mwaka juzi nikasema ngoja nijaribu lenzi, zile za kubandika kwenye jicho lenyewe, maana miwani na jasho la Dar vimenichosha, kila saa nafuta. Duka la kwanza wakanipa za mwezi, yaani unazitoa usiku unaloweka, mwezi ukiisha unatupa, hata kuniuliza macho yangu yakoje hakuna. Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili, ikifika saa nane mchana ofisini, AC inanipuliza usoni na mi nimekodolea kompyuta, nahisi kama kuna mchanga chini ya kope. Usiku mmoja natoa lenzi haitoki, imegandia jichoni, nikapaniki nikaivuta kavukavu, asubuhi jicho jekundu mama ananiuliza bangi nimeanza lini.

Ndo nikaenda kwa daktari wa macho. Akanipachika vikaratasi kwenye kope za chini, dakika 5 nimekaa kama mwanasesere machozi yanapanda kwenye karatasi taratiiibu. Angalau yafike milimita 10, mi la kushoto 6. Akasema ukikodolea skrini unasahau kupepesa, chozi linakauka na lenzi inakauka nalo.

Akanihamishia za siku moja, unavaa asubuhi, jioni unatupa, hakuna kuloweka. Binamu akaniletea Dailies Total1 toka Dubai. Ndani maji ni asilimia 33 ila kwenye uso wake yanazidi 80, na kweli ukiishika kidoleni inateleza kama mlenda. Masaa nane hivi husikii kitu, nilisahau kabisa kama nimevaa. Baada ya hapo ukavu unarudi, kwahiyo anayekwambia ni dawa ya macho makavu anakudanganya.

Matone ya kulainisha macho nayo mtihani, daktari kasema nitumie yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja, maana ya chupa kubwa mengi yana kemikali ya kuyafanya yasiharibike na lenzi laini inainyonya. Na kuna shoga yangu eti ikikauka idondoshee maji ya kunywa, we! Maji yoyote yale usithubutu, kuna vijidudu humo vinakula jicho.

Bei sasa imechangamka, za kuvaa kila siku siziwezi. Ofisini miwani, kwenye boda miwani pia, lile vumbi silitaki. Nimebakiwa na jozi tisa na Desemba nina harusi tatu.