Mpira wa Kufungia Noti Umeniharibia Kadi ya Mbappé: Uzoefu Wangu na Duka Linalofungasha na Kutuma Kadi Kupimwa

Nilikuwa nimekusudia kulipatia duka hili nyota tatu kati ya tano, kwa sababu kadi zangu zote za wanasoka nilizowapa wazitume kupimwa ubora zilirudi, hakuna iliyopotea kati ya Uingereza ninakoishi na Marekani zilikopelekwa, na bei yao si ya kumnyonya mtu. Lakini kila ninapoitazama ile moja iliyorudi na alama 6 kati ya 10, nyota hizo zinanitoka mkononi, na naona ni haki wakusanyaji wenzangu wajue ilivyokuwa.

Wengi wetu huku tukitaka kadi za wanasoka zipimwe na kampuni ya PSA ya Marekani hupitia maduka yanayokusanya kadi za wateja na kuzituma kwa mzigo mmoja. Wapimaji hukagua pembe, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati, kisha hutoa alama kati ya 1 na 10, na kadi iliyopata 10 huweza kuuzwa kwa bei iliyoizidi mbali sana ile ya 9. Kwa hiyo anayefungasha ameshika thamani yote ya kadi mikononi mwake, na hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo ovyo.

Kadi ninayoilalamikia ni ya Kylian Mbappé, toleo la Panini Prizm la Kombe la Dunia la 2018, mwaka ambao kijana huyo alifunga bao katika fainali dhidi ya Kroatia akiwa na umri wa miaka 19. Uso wa kadi za toleo hili unang'aa, na kila mkwaruzo au mbonyeo hujitangaza mara tu unapoiinamisha chini ya taa. Nilizipeleka kadi zangu dukani zikiwa zimeandaliwa: kila moja ndani ya kifuko laini cha plastiki, kisha ndani ya kile kishikilia-kadi kinachopinda kidogo ambacho PSA wenyewe hukipendelea, juu yake nikabandika kijikaratasi cha kuivuta kadi itoke ili mpimaji asilazimike kutumia kucha, na zote nikazipanga kwa mfuatano wa fomu. Nilikuwa pia nimezipiga picha, mbele na nyuma, kwa karibu. Nilichowalipa wao ni hatua iliyobaki, yaani kuziweka kadi kati ya vipande viwili vya kadibodi vinavyovizidi vishikilia-kadi kwa upana na urefu, kuzizungushia plastiki ya vijipovu na kuzitia katika boksi ambalo ukilitikisa hakuna kinachocheza ndani.

Mhudumu aliyenipokea alikata kadibodi yenye upana mdogo kuliko hata wa kadi yenyewe. Kisha akachukua mpira wa kufungia noti, akauzungusha na kuuzungusha tena, akazikaza kadi zangu kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, hadi nikaona kwa macho yangu vishikilia-kadi vya nje vikipinda kufuata ukingo wa ile kadibodi. Nilimwomba kwa upole akate kadibodi pana zaidi na aulegeze mpira. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alinijibu kwamba wao wametuma kadi nyingi kuliko nitakazoziona maishani mwangu, na kwamba kama ninaijua kazi hiyo kumzidi, nikafungashie nyumbani kwangu. Nilipojitolea kuikata kadibodi mimi mwenyewe palepale kaunta, alilitupa furushi katika trei iliyokuwa nyuma yake na kumwita mteja anayefuata. Kadi zilikuwa zimekwisha kuingizwa katika orodha yao na ada nimekwisha kulipa, ada ambayo kwa masharti yao hairudishwi.

Baada ya miezi kadhaa kadi zilirudi. Zilizokuwa katikati ya furushi zilipata 9 na 10. Mbappé, aliyekuwa wa nje kabisa, alirudi na mibonyeo miwili inayotazamana karibu na kingo zake ndefu, katika usawa uleule mpira ulikopita, na picha nilizopiga kabla zinaonyesha mahali hapo pakiwa safi kabisa. Duka liliniandikia kwamba huenda kosa ni la wasafirishaji au la wapimaji. Msafirishaji anaweza kuponda pembe ya boksi. Hawezi kuifikia kadi moja ndani ya furushi na kuibonyeza sehemu mbili zinazolingana bila kuzigusa nyingine.

Lazima niwe mkweli kuhusu jambo moja. Dada aliyenikabidhi kadi ziliporudi alinisikiliza hadi mwisho, akazikagua picha zangu moja baada ya nyingine, na siku ileile nilimwona akimfungashia mteja mwingine kwa uangalifu ambao sina la kuukosoa: kadibodi pana, vijipovu vya kutosha, boksi lililojazwa vizuri. Ukihudumiwa na yeye, nenda bila wasiwasi, na nyota tano ni zako kumpa.

Nilipokuwa nikiyaandika haya nilikaribia kurudi kwenye zile nyota tatu kwa ajili yake. Kisha nikaisoma tena barua ya msimamizi, anayeiita hasara yangu tofauti ndogo ya alama na kunikumbusha kwamba kadi haikupotea. Duka ambalo usalama wa kadi yako unategemea ni nani amesimama kaunta siku hiyo halina huduma ya kufungasha, bali lina mtu mmoja anayejua kufungasha na wengine wanaopokea pesa. Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada. Nimewaandikia tena nikidai ada ya kufungasha, pamoja na picha zote, na bado nasubiri jibu. Kadi zangu zilizobaki nitazifungasha mwenyewe: kadibodi itavipita vishikilia-kadi kwa sentimita moja kila upande, na furushi litashikwa kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, usioacha gundi. Mpira hautazigusa tena.