Kliniki ya magonjwa ya akili: nyota tatu, zote za daktari wa pili

Mimi ni fundi cherehani. Mteja akiingia, kabla sijashika futi namuuliza nguo ni ya nini: harusi, kazini au msibani? Kliniki niliyokwenda miezi minne baada ya kumzika mama, wao walianza na futi.

Mapokezi sina neno, walinipokea kwa heshima. Kisha nikapewa karatasi ya maswali tisa. Wiki mbili zilizopita umekosa usingizi? Chakula kinapita? Unajiona hufai? Kila jibu alama 0 hadi 3. Nikapata 16. Hakuna swali hata moja lililouliza kama nimefiwa.

Daktari wa kwanza alisoma hiyo 16, akasema nina sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, eti kemikali ya serotonini imepungua kwenye ubongo. Nikamuuliza, "Mmeipima saa ngapi, daktari?" Akacheka. Sikuwa natania. Sonona haina kipimo cha damu, na mwaka 2022 daktari wa akili Joanna Moncrieff na wenzake huko Uingereza walipitia rundo la tafiti wasione ushahidi thabiti kwamba inaletwa na upungufu huo. Kwamba dawa huwasaidia baadhi ya watu, sibishi. Ila usinishonee hadithi.

Nikaenda kusoma. Mwongozo wa DSM, orodha ya magonjwa ya akili ya madaktari wa akili wa Marekani, zamani ulimwachia aliyefiwa miezi miwili ya kulia kabla ya kumhesabu mgonjwa wa sonona. Toleo la 2013 likaifuta nafasi hiyo. Ushoga nao ulikuwa ugonjwa humo mpaka bodi yao ilipopiga kura kuutoa, mwaka 1973. Malaria sijasikia ikipigiwa kura.

Thomas Szasz, naye daktari wa akili, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1961 aliandika kwamba ugonjwa wa akili ni tamathali tu, kilichopo ni matatizo ya kuishi. Hapo namkatalia. Kaka yangu aliwahi kukesha siku sita akizozana na watu ambao hatukuwaona. Dawa ndizo zilizomrudisha akala nasi mezani.

Safari ya pili nilimkuta daktari mwingine, mama mtu mzima. Karatasi aliisukuma pembeni. "Marehemu mama alikuwa mtu wa namna gani?" Nilizungumza dakika arobaini, nikalia, nikamsimulia hata alivyokuwa akinifumua mishono nikiwa mwanafunzi wake. Karatasi aliirudia mara moja tu, kwa lile swali la tisa la kuwaza kufa. Aliniuliza akinitazama usoni, akasubiri jibu. Vidonge hakuandika. Nirudi baada ya mwezi, na mawazo hayo yakija nisingoje miadi, nije siku hiyohiyo.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya faili. Bado limeandikwa sonona kwa mwandiko wa yule wa kwanza, na dirishani wameniambia kilichoandikwa hakifutiki.

Ukienda, omba yule mama. Yupo Alhamisi tu.